Kolibri: masomo ya mbali kwa asiye na bando

Mifumo mingi ya masomo ya mbali hudhani mwanafunzi ana bando. Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality, haimwekei sharti hilo. Intaneti inatakiwa siku ya kupakua masomo tu, na hata hiyo inaweza kurukwa yakiletwa kwa flashi. Kompyuta moja inakuwa seva, yaani inayotunza masomo na kuyagawa, ruta inarusha Wi-Fi isiyo na intaneti, mwanafunzi anafungua kivinjari cha simu na kuandika anwani ya seva, ambayo kwa kawaida huishia na :8080. Menyu zipo kwa Kiswahili.

Kwa seva, laptopu ya zamani ni afadhali kuliko Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya bei. Pi hiyo haina betri ya saa. Umeme ukikatika na intaneti haipo, ikiwaka saa yake imebaki nyuma, na ripoti za mwalimu zinaandika tarehe za ajabu. Tena kuzimika ghafla kunaweza kuua memori kadi. Laptopu yenye betri nzima haina shida hizo. Ukiing'ang'ania Pi, ifungie moduli ya saa (kifaa kidogo chenye betri kinachotunza saa), na usiitegemee Wi-Fi yake ya ndani kwa darasa zima.

Usipakue chaneli nzima, yaani mkusanyiko mzima wa masomo. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB. Chukua mada za muhula. Unapohamishia masomo kwenye flashi, Kolibri huyaweka ndani ya folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usiibadilishe jina wala kuichimbia ndani ya folda nyingine, la sivyo seva ya pili haitaiona.

Masomo ya Kiswahili yapo, ila usitarajie yafuate mpangilio wa mtaala wa Tanzania au Kenya. Anayetaka hivyo ataunda chaneli yake kwenye Kolibri Studio, tovuti ya kuandalia chaneli, na nafasi ya kuanzia huko ni MB 500. Sasa piga hesabu: video ya Mbps 1 ya dakika 10 ni MB 75, kwa hiyo sita tu zimeshakula MB 450. Sauti ya kbps 64 kwa muda uleule haifiki MB 5. Historia na fasihi zinafundishika vizuri kwa sauti na PDF; video ziachie jiometri na maabara.

Kinachoipa Kolibri hadhi ya masomo ya mbali hasa ni vifaa vya mwanafunzi vinavyobeba somo. Kishikwambi cha Android chenye Kolibri kinachukua kazi zilizopangwa na mwalimu, kinaenda nyumbani, na kikirudi kwenye Wi-Fi ya shule kinapeleka matokeo chenyewe. Hapa ndipo mambo huharibika. Wakati wa kusakinisha, mwanafunzi akiandikishwa kama mtu anayejisomea peke yake badala ya kuunganishwa na kituo cha shule, anaweza kumaliza mazoezi yote na mwalimu asione hata moja. Usajili ufanyike shuleni, seva ikiwa imewashwa, kabla kifaa hakijatoka. Kikirudi, programu iachwe wazi hadi matokeo yaonekane kwenye ripoti ya mwalimu. Kukipitisha getini tu hakutoshi.

Kolibri haina darasa la moja kwa moja wala sehemu ya kuchati. Nguvu yake ni mazoezi yanayosahihishwa na mashine: hesabu, kuchagua jibu, kujaza namba. Insha ibaki kwenye daftari, au ipigwe picha na kutumwa WhatsApp, na kwa mwalimu wa lugha wa sekondari hilo ni pengo kubwa kweli. Chuo ambacho wanafunzi wake wana intaneti ya uhakika na kazi za kukusanya kiende Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao nao ina programu ya simu inayoruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao.