Sakafu ya mbao iliyochakaa Dodoma: ununue nini kama hutaki kupiga msasa

Kabla hujatoa hela yako dukani, piga magoti udondoshe matone matatu ya maji: moja mlangoni, moja katikati ya chumba, moja kwenye kona inayofunikwa na kitanda. Subiri dakika tano. Tone likibaki limesimama kama umande kwenye jani la gimbi, vanishi ya zamani bado iko hai. Likinywewa na kuacha doa jeusi, pale mbao imebaki uchi. Mara nyingi mlangoni ndipo pameisha, kona ni nzima kabisa, na sakafu ya namna hiyo ndiyo inayookolewa bila mashine ya msasa.

Halafu lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini, usugue pale kwenye kona. Kikitoka na rangi ya kahawia yenye utelezi, sakafu imepigwa nta. Jaribio hili usiliruke hata kama una haraka. Mimi niliruka.

Nyumba tuliyopanga Uzunguni ni ya zamani, sakafu yake vibao vya mninga. Nilinunua galoni ya vanishi kwa sababu muuzaji alinihakikishia inashika mbao yoyote. Nikapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ikapendeza mno. Wiki ya tatu, chini ya miguu ya viti, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu: ukipitisha ukucha, unanyanyuka utando mrefu kama kiganja, na chini yake mninga inateleza. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, akasema, "Nta, mwanangu. Tulikuwa tunaipiga kila Jumamosi, tangu wanangu wadogo." Siku nne nilikuwa nakwangua.

Kwa hiyo, kama kitambaa chako kimetoka na nta, nunua nta. Hapo hakuna cha kushindanisha, maana vanishi haishiki juu ya nta. Chukua nta ya mbao isiyo na rangi, ya kopo, siyo ile nyekundu ya sakafu ya saruji ambayo huingia kwenye nyufa na kuchafua soksi za watoto. Osha kwa kitambaa kilichokamuliwa, acha ikauke, paka nta nyembamba, kisha sugua kwa blanketi kuukuu. Itabidi urudie kila baada ya miezi michache, lakini hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza.

Kama kitambaa hakikutoa nta, chaguo langu la kwanza kwa Dodoma ni vanishi ya poliurethani ya maji, ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya sakafu. Sababu ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa huku haupumziki, na chochote kinachobaki kibichi usiku kucha kinaamka na mchanga. Hii hukauka ndani ya saa mbili hadi nne, haina harufu ya kuwatoa watu ndani, na haiifanyi mbao iwe ya njano. Udhaifu wake ni kwamba hewa kavu ya huku huikausha haraka mno hadi alama za brashi zinabaki. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapiga bati, funga madirisha ya upande wa upepo, usiurudie mstari ulioanza kushika. Tatizo jingine ni kuipata: maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yana ya mafuta tu, hivyo huenda ukaagiza Dar es Salaam.

Ya pili ni poliurethani ya mafuta. Ni imara, inatoa ule wekundu mzuri wa mninga, na inapatikana kirahisi. Inahitaji saa nane hadi ishirini na nne kati ya mkono na mkono, kwa hiyo mimi ningeipiga Februari au Machi, mvua ikiwa imelaza vumbi, katika siku mbili zisizo na mawingu mazito. Mafusho yake ni makali: watoto walale kwa bibi yao, jiko la mkaa liwe limezimwa.

Usipige juu ya sakafu inayong'aa bila kuitayarisha. Osha mafuta yote, kisha sugua kwa mkono kwa dodoki la kijani mpaka mng'ao ufifie kila mahali, upanguse vumbi. Stili waya usiitumie kabla ya vanishi ya maji, kwa sababu vipande vyake vikibaki vitapata kutu na kuacha vitone vya kahawia.

Mafuta ya kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi, nayaweka ya tatu, kwa mbao iliyobaki uchi kabisa tu. Yanapendeza, lakini hukauka taratibu na kinga yake dhidi ya maji ni ndogo. Na hili lisikilizwe: vitambaa vilivyolowa mafuta haya vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke.

Vanishi ya makabati inayochanganywa na thina iache kwa makabati. Inawaka kirahisi na ni ngumu kama kioo, ikikanyagwa inapasuka.

Kuhusu kiasi, lita moja hufunika takriban mita za mraba kumi hadi kumi na mbili kwa mkono mmoja. Chumba cha mita tatu kwa nne, mikono miwili, kinataka kama lita mbili na nusu. Galoni ya lita 4 itakubakizia akiba ya kurekebisha mlangoni mwakani, na bei uilinganishe kwa lita, siyo kwa kopo.

Mwisho, gonga vibao kwa kifundo cha kidole kabla ya kwenda dukani. Kikilia wazi kama debe, huenda ni mchwa; wakiwa ndio, hela ya vanishi mpe kwanza fundi wa dawa ya mchwa.