Tahadhari kwa maseremala: patasi na tezo za "Sheffield" zinazouzwa mitandaoni ni chuma laini

Assalaam aleikum mafundi wenzangu, na hasa nyinyi vijana mnaoanza kujinunulia zana zenu wenyewe. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya maseremala, Dar es Salaam, Tanga na hapa kwetu Unguja, anauza "seti ya kikoloni ya Sheffield", mji wa Uingereza uliosifika kwa zana za chuma: patasi nne, juba (patasi nene ya kutobolea), bobari mbili (patasi zenye makali ya mviringo) na kisu cha randa, kwa shilingi 180,000. Msinunue. Anachotuma ni chuma laini kilichopakwa rangi nyeusi na kutiwa kutu makusudi kionekane cha zamani.

Kijana tunayechonga naye milango ya nakshi aliletewa mzigo wake kwa boti. Alishalipa, maana huyo bwana hataki kusikia habari ya kulipwa mzigo ukifika. Kwa macho zinavutia kweli: mipini ina mikwaruzo ya kazi, vyuma vina madoa, kila kimoja kina maandishi. Akachukua patasi ya inchi moja, akaigonga kwa nyundo ya mti kwenye kipande cha mkongo. Kwa mapigo machache tu makali yakakunjika kama ukingo wa kopo. Mkongo ni mti mgumu, sikatai, lakini patasi imetengenezwa kwa ajili ya miti hiyo hiyo. Tukakwangua rangi kwa kisu, na maandishi nayo yakaondoka. Juba lenyewe limeandikwa "Sheffeld", herufi "i" imesahaulika.

Muuzaji alipopigiwa simu, jibu alikuwa nalo tayari, na hapa ndipo anapowanasa wengi: "Kaka, zana za Mwingereza za zamani zina mgongo laini, ndivyo zilivyotengenezwa." Hilo ni nusu ya ukweli. Zamani chuma cha pua, yaani kile kigumu kinachoshika makali, kilikuwa ghali, kwa hiyo wahunzi wa kule walikuwa wanaunganisha ubapa mwembamba wa pua na chuma laini. Ukinoa patasi au kisu cha randa cha aina hiyo unauona mstari pale vyuma viwili vilipokutana. Lakini makali yanatokana na ule ubapa wa pua, na ubapa huo ni mgumu hasa. Mgongo kuwa laini si sababu ya makali kukunjika. Akikupa maneno hayo, mwambie akuonyeshe mstari.

Kupima ni kazi ndogo, ila ipime zana kabla pesa haijatoka. Chukua tupa yenye meno mazuri, ipitishe taratibu karibu na makali. Pua iliyochomwa na kuzamishwa vizuri, tupa inateleza juu yake au inauma kwa shida. Tupa ikila chuma kama inavyokula msumari, rudisha. Mwenye grainda anaweza kutazama cheche pia: pua hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kwa wingi, chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zisizopasuka sana. Usishikilie muda mrefu, maana joto litaondoa ugumu wa makali. Na alama za viwanda vya zamani kwa kawaida zimepigwa kwa mhuri, zimezama ndani ya chuma. Pitisha ukucha, utazihisi.

Patasi ikikunjika umepoteza pesa. Tezo ndiyo inayonitia hofu. Namba hiyo hiyo imemuuzia tezo fundi mmoja wa majahazi, na jicho lake, pale panapoingia mpini, limeunganishwa kwa kuchomelewa, kisha likapigwa grainda na kupakwa rangi. Aliuona ufa baada ya kazi ya asubuhi moja. Nyote mnajua jinsi mtu wa tezo anavyosimama, anachonga kuelekea miguuni mwake. Kichwa kile kingechomoka, tungekuwa tunazungumza mengine. Kama unayo tezo ya muuzaji huyu, iweke chini leo, na kama amekuuzia shoka, nalo vile vile. Kwangua rangi kwenye jicho uangalie.

Kama ni zana ya bei nafuu unayotafuta, wahunzi wetu wapo. Tezo na bobari zinazofuliwa kwa springi za gari zinafanya kazi miaka na miaka, kwa sababu chuma kile ni cha kaboni ya kutosha na kinakubali kugumishwa. Mhunzi hatakuambia imetoka Uingereza, na ikikusumbua unamrudishia anaichoma upya mbele yako. Mitumba ya kweli nayo ipo, ila ishike mkononi kwanza.

Namna ya kumtambua: picha zake ni zile zile kila tangazo, hataki kupiga picha mpya ya zana ikiwa pembeni ya gazeti la siku hiyo, na jina linalotokea unapotaka kutuma pesa si lile analojitambulisha nalo. Ukiona hivyo usithibitishe muamala. Namba yake iripotini kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Waliokwisha tapeliwa, msifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, na zana msizitupe. Nitumieni faragha, tunakusanya ushahidi tuupeleke polisi kwa pamoja wiki ijayo.