Bunduki ya Upepo kwenye Baridi ya Mafinga: Uzoefu Wangu

Tangu nianze kulenga shabaha hapa Mafinga nimemiliki bunduki tatu za upepo, na kati ya hizo ni moja tu ambayo nisingekubali kuiachia. Mbili za mwanzo nilizichagua kwa kusikiliza sifa za dukani bila kuifikiria hali ya hewa ya kwetu.

Ya kwanza ilitumia kikopo cha gesi ya kaboni dayoksaidi cha gramu 12. Niliijaribu Dar es Salaam, kwenye joto, ikanipendeza sana. Nilipoileta huku mwezi wa Juni, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado umelala kwenye misindano, risasi zilitua kama sentimita nne chini ya pale nilipolenga kwa umbali wa mita 20, na kila nilipofyatua harakaharaka zikazidi kushuka. Gesi hiyo kwenye nyuzi 20 ina mgandamizo wa takriban ba 57 (ba ni kipimo cha mgandamizo), lakini ikipoa hadi nyuzi 10 hubaki ba 45 tu, na kule kufyatua mfululizo kwenyewe hukipoza kikopo. Kwa mtu wa Tanga au Morogoro inaweza kufaa. Kwa mtu wa Mufindi, Njombe au Makete siipendekezi hata kidogo.

Ya pili ilikuwa ya springi inayosukuma pistoni ili kubana hewa, ya kukunja mtutu ili kuikoki, kipenyo cha milimita 5.5, na niliinunua kwa ajili ya nguvu. Nguvu ilikuwa nayo kweli, ila ilikuwa nzito kukoki, na pistoni yake iliruka kwa kishindo kiasi kwamba mtutu ulishatikisika kabla risasi haijatoka. Kosa kubwa lilikuwa langu: niliona ukavu, nikadondosha mafuta ya cherehani kwenye tundu la hewa. Mlio wa kwanza uliofuata ulikuwa mkali kama wa baruti, na moshi mwembamba ukatoka mdomoni mwa mtutu. Fundi alipoifungua alinionyesha sili ya pistoni, yaani kizibo kinachozuia hewa isivuje: ukingo wake ulikuwa mweusi, na alipoubonyeza kwa ukucha ulimeguka kama mkate mkavu. Aliniambia, "Kaka, hewa ikibanwa ghafla hupata moto na kuunguza mafuta. Humu ndani grisi kidogo kwenye springi inatosha." Sili mpya niliingoja kwa miezi, maana ilibidi iagizwe nje.

Ninayoitumia sasa ni Weihrauch HW30S ya milimita 4.5, iliyotengenezwa Mellrichstadt, Ujerumani. Niliipata kwa mtu aliyekuwa akihama, na kabla fedha haijatolewa tulikwenda polisi wilayani kuulizia masuala ya kibali na umiliki; hatua hiyo naisisitiza kwa yeyote anayefikiria kununua. Ina uzito wa takriban kilo mbili na nusu, na nguvu yake, jouli 7.5 (jouli ni kipimo cha nishati), ni ndogo kuliko ya ile ya pili, lakini kifyatuo chake cha hatua mbili kinaachia kwa wepesi ambao kidole hakiutarajii. Nikiilaza juu ya kiganja kilichofunguka, bila kuibana, risasi tano kwa mita 10 hufunikwa na sarafu ya shilingi mia mbili. Nikiikaba kwa nguvu, kundi la matundu hutawanyika mara mbili ya hapo.

Matunzo yake si mengi ila yanataka uaminifu. Ukungu wa huku hula chuma, kwa hiyo kila nikimaliza naifuta kwa kitambaa chenye mafuta membamba, hasa pale vidole viliposhika, na siihifadhi ndani ya mfuko wa turubai kwa sababu unatunza unyevu. Skrubu za kitako hulegea kwa mtikisiko, nami huzikagua kila baada ya risasi mia mbili hivi. Mpira mdogo ulio nyuma ya mtutu nauchunguza kwa kipande cha karatasi laini ya chooni: nakiweka juu ya kiungo, nafyatua, na kikiruka najua hewa inavuja. Sifyatui kamwe bila risasi ndani, wala siiachi ikiwa imekokiwa, kwa kuwa springi huchoka. Kwenye baridi ya Julai grisi huwa nzito, hivyo risasi mbili tatu za mwanzo sizihesabu.

Shabaha zangu nazitundika mbele ya gunia la mchanga. Zamani nilitumia mbao za mkaratusi, na risasi moja ikanirudia hadi miguuni. Tangu siku hiyo navaa miwani ya kukinga macho. Nanawa mikono pia kabla ya kula, maana risasi hizi ni za madini ya risasi kwelikweli.

Kuhusu kuwinda, naitumia kwa panya wa ghala la mahindi tu, tena chini ya mita 15 na kwa kulenga kichwa. Kwa mnyama mkubwa zaidi ya hapo jouli 7.5 zitamjeruhi na kumwacha ateseke, na kwale au kanga ni wanyamapori ambao Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka wawindwe kwa leseni. Upungufu ninaouona ni mmoja: risasi nzuri hazipatikani Mafinga wala Iringa mjini kwa uhakika, na zile za bei nafuu huja na sketi, yaani ukingo mwembamba wa nyuma ya risasi, zilizobonyea. Huwa nazimwaga kwenye sahani nyeupe, naziviringisha moja moja chini ya taa, na zile zinazoyumba nazitenga.