Hockey Hall of Fame, Toronto: kabla hujakimbilia kombe mtafute Willie O'Ree

Nyinyi mlioko Toronto na mnaokuja kutembea, msiipite hii sehemu, makumbusho ya hoki ya barafu yenye kuwaenzi magwiji wake, eti kwa sababu hamjui mchezo wenyewe. Iko kona ya Yonge na Front, ukishuka Union Station ni hatua chache tu, na kama baridi imekaza huna haja hata ya kutoka nje, kuna njia za chini kwa chini mpaka ndani ya Brookfield Place. Nilienda na mpwa wangu wa miaka 13 ambaye hoki ndo kila kitu kwake, na mimi nawapa nyota tano.

Sasa, ukiingia utaona kila mtu anakimbilia Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada. Siwalaumu, ni zuri kweli, limekaa kwenye ukumbi uliokuwa benki zamani, jengo la 1885, juu kuna kuba la vioo vya rangi na unaruhusiwa kulisogelea, kuligusa, kupiga picha. Ila ukija wakati wa kiangazi ujue huenda liko safarini maana kila mchezaji wa timu iliyoshinda hupewa siku yake ya kukaa nalo, utakuta nakala. Mpwa wangu akaanza kusoma majina yaliyochongwa pale, akaniuliza, "Anko, Willie O'Ree yuko wapi?" Hayumo. Hakuwahi kulibeba.

Yuko kwenye vile vioo vilivyochorwa sura za waliotunukiwa, humohumo ukumbini, na hapo ndo nawaambia mkae. Aliingizwa 2018, tena si kama mchezaji, wamemweka upande wa wajenzi wa mchezo, yaani watu waliochangia kuukuza. Ukiangalia namba peke yake utasema huyu jamaa alifanya nini cha maana, mechi 45 za NHL, mabao 4, pasi za mabao 10, basi. Lakini huyu ndo mweusi wa kwanza kucheza ligi ile, 18 Januari 1958, Boston Bruins walipowafuata Montreal Canadiens kwao wakawafunga 3-0, na usiku ule tayari alikuwa haoni kwa jicho la kulia!! Akiwa bado anacheza ligi ya vijana kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kilimpiga usoni, jicho likapofuka karibu lote, daktari akamwambia hoki imeisha. Akarudi uwanjani na siri yake akawaambia watu wachache sana maana sheria za ligi hazikuruhusu mwenye jicho moja.

Halafu fikirini kidogo kuhusu nafasi aliyocheza, mimi hiki kitu kilinikaa sana. Alikuwa winga wa kushoto. Winga wa kushoto pasi nyingi zinamjia kutoka kulia, yaani upande uleule asioona, kwa hiyo ilibidi ageuze kichwa kizima kuutafuta mchezo huku mabeki wakimjia kwa kasi. Kule chini kuna michezo ya kupiga kisahani kwa kipa wa kwenye skrini, mpwa wangu akajaribu kufumba jicho la kulia, na huyu mtoto anapiga vizuri sana, alipofumba tu mashuti yakaanza kupita nje, hajui hata kisahani kiko umbali gani na gongo lake. Akanyamaza kabisa. Na hapo kimetulia, hakuna anayemgonga. O'Ree alikuwa anagongwa na kutukanwa rangi yake, kule Chicago mchezaji mmoja alimpiga na mpini wa gongo meno mawili ya mbele yakang'oka na pua ikavunjika.

NHL enzi hizo ilikuwa na timu 6 tu, nafasi zenyewe za kuhesabu, 1961 Boston wakamuuza na akaishia Los Angeles kwenye ligi ya magharibi. Kule kocha akamhamishia winga ya kulia, sasa pasi zinakuja upande wa jicho zima, na jamaa akaongoza ligi kwa mabao mara mbili! Aliendelea mpaka 1979, ana miaka 43. Boston walistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2022, miaka 64 kamili tangu ile mechi ya kwanza. Kwa mimi hiyo ndo kazi ya mchezaji wa kulipwa, si wale mastaa wa mabao elfu tu. Baada yake mweusi mwingine hakuonekana NHL mpaka 1974, na wa kwanza kutunukiwa hapa kama mchezaji ni Grant Fuhr, kipa wa Edmonton, 2003, huyu makombe anayo matano, mtafuteni pia.

Wakenya mtafurahi zaidi, mwaka huohuo wa 2018 vijana wetu wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wale wa kiwanja cha barafu cha Panari pale Mombasa Road, waliletwa hapa Toronto wakacheza upande mmoja na mastaa wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwambie mtoto hiyo mkiwa humo ndani, macho yake utayaona.

Ushauri wangu nendeni siku ya kazi asubuhi, panda kwanza ukumbini kabla watu hawajajaa, michezo ya kupiga muiache mwisho, la sivyo watoto hawatoki pale. Masaa matatu yanatosha, na vaeni viatu vya kawaida tu, ndani kuna joto.