Wodini au mezani: wanafunzi wa uuguzi Uingereza, 2020

Korona ilipopamba moto mwaka 2020, wanafunzi wa uuguzi Uingereza waliobakiza miezi 6 kuhitimu walipewa hiari: waingie wodini kwa mshahara, au wabaki na vitabu nyumbani.

Walioingia wodini walilipwa mshahara wa daraja la 4 la NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na saa zao zikahesabiwa kwenye zile 2,300 za mazoezi ambazo kila mwanafunzi hutakiwa kuzitimiza. Kodi ya nyumba inalipika, kuhitimu hakucheleweshwi. Gharama yake ilijificha. Kwa kawaida mwanafunzi ni mtu wa ziada wodini, hahesabiwi kwenye idadi ya wauguzi wa zamu. Ndiyo maana anapata nafasi ya kusimama, kutazama na kuuliza. Kipindi kile wengi waliikosa kinga hiyo. Unatoka zamu iliyodumu saa 12, uso una alama za barakoa, na tasnifu inakusubiri mezani. Anayesema "lala kwanza, utaandika alfajiri" hajawahi kukesha na mgonjwa wa oksijeni.

Waliobaki nyumbani walisoma kwa utulivu zaidi, ila wakati huo saa za mazoezi hazikupatikana kwenye kompyuta. Zilibaki deni.

Mimi ningekwenda wodini, kwa sharti kwamba siku moja ya wiki iwe ya masomo, isiguswe hata zamu ikipungukiwa watu. Lakini mwenye pumu, au anayeishi na mzazi mgonjwa, nisingebishana naye: abaki nyumbani.