Villa Savoye au Villa Tugendhat: uanze na ipi?

Nyumba hizi mbili za usanifu wa kisasa zilianza kujengwa miaka ya 1920 ikiishia, zote zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na zote zinashikilia kwamba umbo la nyumba lifuate kazi yake. Ila kuzitembelea ni mambo mawili tofauti kabisa.

Villa Savoye ya msanifu majengo Le Corbusier, iliyokamilika 1931, iko Poissy, nje kidogo ya Paris. Humo unazunguka kwa mwendo wako, na ndivyo inavyotakiwa: njia ya mteremko inakupandisha taratibu, bila ngazi, mpaka bustani ya juu ya paa. Kabla hujaingia, tazama ukuta wa chini ulivyopinda. Mpindo ule unafuata gari linavyogeuka! Samani ni chache, kuta nyeupe.

Villa Tugendhat ya msanifu majengo Mies van der Rohe, ya mwaka 1930, iko Brno, Jamhuri ya Cheki. Hapa kuna anasa: nguzo za chuma zinazometameta kwa kromu, na ukuta wa jiwe la oniksi kutoka Morocco ambao jua la chini la majira ya baridi huuwasha rangi nyekundu. Vioo vikubwa vya sebuleni hushuka kwa mota hadi vikazama sakafuni. Kikwazo ni tiketi. Ziara za ndani hujaa mapema mno, kwa hiyo weka nafasi kwanza, nauli baadaye.

Mwanafunzi wa usanifu aanze Poissy, kwani huko hoja za usanifu wa kisasa zinasomeka kirahisi. Anayeona usanifu huo hauna joto, namshauri Brno bila kusita.