TAHADHARI: Muuza boti wa Uyole kanila milioni 14, na nusura aniue mimi na wanangu

Ndugu zangu wa Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini, siku tisa nimekaa kimya kwa aibu. Mke wangu alisema tuyamalize ndani ya nyumba. Mjomba naye kasema mtu mzima hatangazi kwamba ameibiwa. Lakini jana jioni kanipigia simu kijana mmoja wa Itungi, kasikia nilinunua boti ya faiba Uyole, naye kaonyeshwa nyingine palepale na anataka kupeleka hela Jumatatu. Nilikaa chini. Nikaona nikinyamaza, huyu kijana akizama, damu yake iko mikononi mwangu pia.

Kwa nini nilitaka boti mnajua. Ya mwezi wa tatu sitayarudia hapa. Niliapa siku ile pale makaburini kwamba hakuna mtoto wa nyumba yetu atakayeenda tena maji marefu na mtumbwi wa gogo. Hela ya kakao ilikuwepo, na wote mnakumbuka bei ilivyopanda 2024. Wengine walijenga, wengine walinunua bodaboda, mimi nikaiweka kwa ajili ya boti. Sikuitapanya hata shilingi.

Na sikwenda kichwa kichwa kama wengine wanavyonisema huko vijiweni. Miezi minne niliuliza. Nilitaka boti ya futi 19, usukani ukae katikati kama kimeza, ili mtu akipiga mshipi azunguke pande zote, samaki kama mbasa akikimbia kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, umfuate bila kuruka benchi wala kumkanyaga mwenzako. Nilitaka ubavu mrefu na chini iwe na umbo la V, maana ya chini bapa ikikutana na wimbi la mwera inapigwa makofi mpaka meno yanagongana. Matema tuko kichwani mwa Ziwa Nyasa. Mwera unatoka kusini, wimbi linakuja na ziwa lote nyuma yake, zaidi ya kilomita 500. Na upande wetu wa milima ya Livingstone hakuna kina kifupi, unatoka ufukweni kidogo tu tayari chini yako ni shimo. Hayo yote niliyajua. Boti aliyonionyesha yule bwana ilikuwa na kila kitu nilichokitaja. Sasa naelewa kwa nini kwenye simu aliniuliza kwanza mimi nataka nini, ndipo akatuma picha.

Nilifika kwake Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, na shemeji yangu. Baridi ya Uyole mnaijua, ukungu umefunika barabara, malori yamewasha taa. Yule bwana alitoka na koti zito, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanisalimia, "Ugonile." Akaniuliza natoka kwa nani. Nilipotaja ukoo akamtaja marehemu baba, akasema alikuwa akinunua mpunga wetu enzi zile. Sijui kama ni kweli au alikuwa ameuliza watu kabla. Mkewe akaleta chai ya maziwa na maandazi. Tukanywa. Hakuna aliyezungumza habari ya boti mpaka vikombe vilipotolewa. Niambieni, mtu anayekupokea hivyo utaanzaje kumpekua kama mwizi?

Kisha akatupeleka uani. Boti ilikuwa juu ya trela, imefunikwa turubai la bluu. Alilivua mwenyewe, taratibu, kuanzia omo. Ndugu zangu, ilikuwa nzuri. Nyeupe, mstari wa bluu ubavuni, viti vimeshonwa upya, usukani unang'aa. Shemeji alipiga mluzi. Yule bwana akagonga ubavu kwa ngumi, akasema, "Sikiliza faiba hiyo." Ikatoa mlio mkavu, mzuri. Akagonga ubavu wa kulia, akagonga omo. Tezi hakuligonga. Nimelala siku tisa nikiirudia picha hiyo kichwani. Alizunguka boti nzima na ngumi yake, alipofika nyuma akaweka mkono mfukoni.

Injini ilikuwa imeshushwa ndani ya pipa la maji. Kibandiko kinasema nguvu farasi 40, ya Kijapani, ya kuchanganya oili na petroli, zile ambazo kila fundi wa huku anaziweza. Nikashika kifuniko chake kuitazama. Kilikuwa na joto. Nilisikia joto lile kwenye kiganja, nakumbuka kabisa, nikafikiri ni jua. Jua gani la saa mbili asubuhi Uyole mwezi wa sita? Alikuwa ameiwasha kabla hatujafika, kwa sababu ikiwa baridi haiwaki. Akaniambia, "Vuta wewe mwenyewe, mimi nisiiguse." Nikavuta kamba mara moja. Ikawaka. Maji yakaanza kutoka kwenye kitundu chake vizuri, kama inavyotakiwa, maana yake pampu inapoza. Shemeji akanipiga begani.

Nilipoongeza mafuta mlio ukakatika kidogo, ukarudi. Nilimuuliza, jamani, sikunyamaza. Akajibu bila kusita: hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, injini inahema, ukishuka ziwani itanguruma. Nikamwamini kwa sababu kitu hicho ni kweli. Mbeya iko karibu mita 1,700, ziwa liko chini ya mita 500. Gari langu lenyewe likipanda Isyonje linahema. Huyu bwana hakunidanganya kwa uongo. Alichukua ukweli ninaoujua mimi mwenyewe akaufunikia uongo wake.

Karatasi za usajili akasema ziko kwa kaka yake Dar, zitakuja na basi wiki ijayo. Milioni 10 nilimhesabia mezani, 4 nikatuma kwa simu pale pale, ujumbe ninao. Akaandika hati kwa mkono: nimeuza boti moja na injini yake kama ilivyo. Nilisoma "kama ilivyo" nikapita.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo linanikosesha usingizi kuliko hela. Aliomba tuombe. Akaweka mkono kwenye omo, akafumba macho, akasema Bwana awalinde watakaopanda chombo hiki. Nilimwambia ya mwezi wa tatu, anajua kwa nini nanunua, na alilia. Macho yalimtoka machozi. Na mkono uleule alioweka kwenye omo ndio uliopaka rangi juu ya uozo. Alijua kabisa ni nini kiko nyuma.

Tukaiteremsha Tukuyu, tukachepuka Kikusya, lami mpaka Ipinda, mpaka Matema. Kuishusha kwenye mchanga walihitajika wanaume kumi na wawili. Mzee mmoja wa Ikombe aliyekuja kuuza vyungu akasema faiba ya futi 19 haiwi nzito hivi. Nikampigia yule bwana. Akasema uzito ndiyo ubora, faiba nene. Na hilo nalo nikaliamini.

Tulitoka Jumatatu asubuhi, mimi na vijana wangu wawili. Maji yalikuwa kama mafuta. Nashukuru Mungu niliwavalisha jaketi okozi. Tulienda kama saa moja na nusu, tukapata mbelele wachache na mbasa mmoja mkubwa, na kwa muda mfupi ule, naona haya kusema, nilikuwa na furaha. Nikaona miguuni kuna maji. Sakafu ya boti hizi ina matundu nyuma ya kutolea maji, sasa yalikuwa yanaingiza, kwa sababu tezi lilikuwa limekaa chini mno. Saa tano na kitu mwera ukaanza. Nikageuza. Nikaongeza mafuta kupanda wimbi, injini ikakohoa, ikabaki kuunguruma kwa upande mmoja. Mlio ule ule wa Uyole, na safari hii tulikuwa chini, hakuna cha hewa nyepesi. Kijana wangu wa pili akapiga kelele, "Baba, injini inacheza!" Nikatazama nyuma. Injini haikuwa inacheza peke yake. Ilikuwa inakwenda mbele na nyuma pamoja na tezi lenyewe, na kila inapokwenda nyuma ufa unafunguka na maji yanaingia.

Nilizima. Tukafua maji kwa ndoo na kwa kofia. Wimbi lilitusukuma kuelekea miamba. Wavuvi wa usipa waliokuwa wakirudi na mtumbwi wa gogo, mtumbwi niliouapia, ndio waliotufungia kamba na kutuvuta kwa makasia mpaka Ikombe. Niliwashika miguu wale vijana. Sioni aibu kwa hilo.

Fundi wa Kyela alikata faiba ya tezi kwa msumeno mbele yangu. Ndani kunatakiwa kuwe na mbao ngumu zinazobeba injini. Alizitoa kwa kijiko. Nyeusi, laini, kama machicha ya kahawa. Ufa ulikuwa umezibwa kwa pati ya kupigia magari rangi, ambayo inanyonya maji, juu yake rangi nyeupe ile niliyoipenda. Sponji ya chini ya sakafu, ile inayoizuia boti isizame, ilikuwa imeshiba maji, ndio uzito wenyewe. Injini akapima kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda: silinda moja 110, nyingine haikufika 60. Akafuta kibandiko cha 40 kwa petroli, chini kukawa na alama ya 30. Kibati cha namba pale kwenye kishikio kimeng'olewa, yamebaki matundu ya ribiti.

Nimempigia mara ngapi sijui. Mara ya kwanza akasema boti niliigongesha mimi. Mara ya pili akasema nisome hati, "kama ilivyo". Sasa namba haipatikani. Na bado anauza! Mtu huyu asifungwe miezi sita halafu atoke na faini. Akamatwe, apelekwe Matema, apandishwe kwenye boti yake mwenyewe mwera unapovuma, avae kila kitu isipokuwa jaketi. Hapana, nafuta hilo, mke wangu amesoma hapa amekataa. Afungwe, mali yake iuzwe, waliouziwa wote walipwe. Na kanisa analosali lijue. Na wale wanaoniambia nimsamehe kwa sababu ni mtu wa kwetu, huyo hakuniona mimi mtu wa kwao aliponiombea akijua wanangu watapanda.

Mnaouliza nifanyeje nisiibiwe kama wewe, sina akili ya kupanga sasa hivi, nasema yanavyokuja. Usinunue boti uliyoiona nchi kavu tu. Igharamie iingie majini, hata bwawani, itazame imekaa vipi na watu ndani, utembee nayo nusu saa. Injini ndani ya pipa haibebi kitu, hata mbovu itanguruma. Ishike kabla haijawashwa, ikiwa na moto ondoka. Gonga tezi kwa mpini wa nyundo, mlio ukiwa wa kifu kifu mbao zimeoza. Iinue injini kwa nguvu zako juu chini, ukiona tezi linanesa ondoka. Fundi wako umpeleke wewe, na kipimo chake cha kompresheni, silinda zisipishane sana. Namba za injini ziwepo. Karatasi ziwepo mezani kabla hela haijawepo, na ukaulize TASAC, wao ndio wanaokagua na kusajili vyombo vidogo. Rangi mpya kote kote pia inatia shaka. Kuna mengine fundi alisema, nimesahau.

Jalada nimefungua polisi, RB ninayo. Aliyeuziwa kitu na mtu wa Uyole, boti, injini au hata trela, aniandikie faragha, tuwe wengi tukienda. Wawili wameshanitafuta tangu asubuhi, mmoja anatoka Tunduma na alidhani ni yeye peke yake.

Boti iko Matema chini ya mwembe, tezi limefunuliwa, sijaruhusu mtu aliguse. Anayetaka kuona mbao hizo kwa macho yake kabla hajapeleka hela Uyole, aje, ulizia boti iliyokatwa. Yule kijana wa Itungi anakuja kesho asubuhi.